Bunduki ya Plastiki na Vidole vya Fundi Hezroni

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Hapana, nimekosea. Tisini na mbili bado nilikuwa upande wa Usangi nikiziba masufuria. Hii ilikuwa tisini na tano, mwaka wa kura ya vyama vingi, maana kibanda cha fundi Hezroni pale Same kilikuwa kimebandikwa picha za wagombea, chama juu ya chama, na mwenyewe hakujua nani aliyezibandika.

Huyo Hezroni ndiye ninayetaka kumwandika. Alikuwa mtu wa Kigoma. Alikuja Upareni kijana kukata mkonge, wakamtoa shambani wakamtia karakana kwa sababu ya vidole vyake. Aliweza kugusa mashine inayozunguka akakuambia beringi ipi imekwisha. Shamba lilipofungwa wenzake walirudi kwao, yeye akabaki, akafungua kibanda karibu na stendi, akawa anatengeneza redio na pasi, na zile redio kaseti zilizoanza kuja kwa wingi biashara ilipofunguliwa. Mke alikwisha kuondoka. Ndugu hapa hakuwa naye, shamba hakuwa nalo. Ukimwondolea vidole, anabaki mtu wa Kigoma aliyekaa Same bila sababu.

Mimi nilikuwa natembea. Napanda Bombo, nashuka Kisiwani, naziba masufuria, nashona miavuli, na watu hunipa vitu vyao niwafikishie. Ndivyo nilivyoibeba ile bunduki.

Ilikuwa ya Dorkas, mjane wa Bombo. Mahindi yake yanapakana na msitu, na kima wa huko hawaogopi mwanamke peke yake. Shemeji yake, dereva wa kutoa magari ya Kijapani bandarini, aliikuta chini ya kiti cha gari moja, akamletea. Ni ya kuchezea tu, ya plastiki, lakini ina mota ndani na inatumia betri, na ukiiminya inatema vigololi mfululizo. Haiui. Inachoma kidogo, kama nyuki, na kima hataki mara ya pili. Dorkas aliifunga waya kwenye betri ya pikipiki, akaibeba betri mgongoni kwa kanga kama mtoto. Vigololi vilipokwisha akachagua mbaazi kavu za ukubwa ule ule.

Siku moja akaniita. "Mzee Zefania, unashuka Same? Mpelekee fundi hii. Mwambie mkono wa bunduki unaunguza. Nikipiga kidogo tu naitupa chini, na kima wanakaa wananitazama kama wamelipa kiingilio."

Nikaipeleka. Hezroni aliigeuza geuza.

"Shikamoo mzee. Umeanza ujambazi?"

"Marahaba. Ya Dorkas wa Bombo. Anasema pa kushikia pana moto."

"Mota yenyewe imo humo humo pa kushikia. Lazima ipate joto. Swali ni joto la afya au la ugonjwa."

Akaifungua. Ndani kulikuwa na unga. Alinusa, akacheka. "Mbaazi. Huyu mama anapika humu?" Akausafisha kwa brashi ya mswaki, akafunga, akaiminya ikalia kwa muda mrefu, kisha akaushika mkono wa bunduki kwa kiganja kizima, akaanza kuhesabu kwa sauti. Aliniambia kwenye karakana ya mkonge ndivyo walivyofundishwa: ukishika mota ukafika kumi, nzima. Ukiachia kabla ya kumi, ina ugonjwa. Yeye alifika kumi, akaenda mpaka kumi na tano.

"Mwambie imepona. Na aache mbaazi."

Nikapanda nayo. Baada ya wiki mbili Dorkas akanirudishia. Safu za juu za shamba zilikuwa zimekwisha. Alisema mahindi yale ndiyo chakula chake mpaka mwakani, na hataki kwenda kukaa jikoni kwa shemeji.

Mara ya pili Hezroni alikuta mafuta magumu kwenye gia. Dorkas alikuwa ameilainisha kwa mafuta ya ng'ombe. Fundi alifurahi kweli, nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipomwona amefurahi.

"Umeona, mzee? Hapa Same mafuta haya ni maji. Kule kwenu asubuhi yanaganda kama mshumaa. Mota inasukuma mshumaa, kwa nini isiungue?"

Niliona ni maneno ya akili. Akayafuta yote, akatia grisi, akaikaza skrubu ya chini, akaiminya, akashika, akahesabu. Kumi. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa. Nikamuuliza, akasema ni pasi ya mtu. Sikuuliza zaidi.

Mara ya tatu sikubeba kitu. Dorkas alishuka mwenyewe na lori la ndizi, nami nilikuwa humo humo. Kiganja chake kilikuwa kimefungwa. Alifika kibandani akaiweka bunduki mezani pamoja na betri.

"Fundi, nusu ya shamba imekwenda."

"Pole mama. Lakini bunduki hii haina moto. Mzee Zefania ni shahidi."

"Mzee Zefania ameishika?"

Nikasema sikuishika. Nilikuwa nimemtazama tu yeye akishika.

"Haya," Hezroni akasema. Akaunga waya, akaiminya mpaka ikaanza kulia kwa taabu na harufu ya plastiki ikatoka. Akashika. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu taratibu, anamwangalia Dorkas usoni. Akafika kumi. "Umeona, mama?"

"Nipe."

Akaishika kwa mkono wake mzima. Hakufika mbili. Ikaanguka mezani.

Akamshika fundi mkono, akakigeuza kiganja juu. Lengelenge lilikuwa linainuka pale pale, tunaliona. Hezroni naye alilitazama, kama mtu anayetazama mkono wa abiria mwenzake. Dorkas akaviinamia vidole viwili vya mwisho vya fundi, vilivyokuwa vimeanza kujikunja.

"Nakubana kwa ukucha," akamwambia. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Bado sijabana."

Nje kulikuwa na wapiga debe wa mabasi. Hezroni aliuondoa mkono, akaufuta kwenye suruali. Kisha akavuta kiti akampa Dorkas, akachukua bisibisi.

"Shika wewe," akasema. "Mimi nazungusha."

Ubaya ulikuwa ile skrubu. Inaisukuma mota ikutane na gia, na yeye alikuwa ameikaza kupita kiasi, kwa kuwa mahali pa kuacha kukaza hujulikana kwa vidole tu. Akalegeza robo. Dorkas akaminya, akashika. "Moto." Akalegeza tena. "Moto bado." Tena. "Sasa ni vuguvugu." Aliminya kwa muda mrefu, akashika, akahesabu yeye, kimya, midomo tu. Kumi. Hezroni akatia tone la rangi juu ya skrubu isisogee. Dorkas akasema asante, akafunga betri mgongoni, akaenda kutafuta lori. Nusu ya shamba iliyobaki aliivuna. Jikoni kwa shemeji hakwenda.

Dorkas hakumwambia mtu. Aliyesema ni mimi. Nilisema Kisiwani, nakunywa chai mkahawani kwa Yahaya, nikasimulia kama habari ya bunduki, ya mbaazi, ya mafuta ya ng'ombe, watu wakacheka, na nikafika kwenye vidole. Yahaya akaacha kucheka akasema, huo ni ukoma. Mimi neno hilo sikulitaja, lakini nilikuwa nimeshaufungua mdomo. Sikuwa nimeambiwa ninyamaze. Najua hilo si sababu.

Gulio lililofuata watu walikuja kuchukua redio zao, zilizopona na zisizopona. Mmoja aliishika yake kwa gazeti. Hezroni alizitoa moja moja, akawatajia kilichobaki kutengenezwa.

Alikwenda hospitali. Walimpa vidonge vya miezi mingi, akavimaliza vyote, wakamwambia amepona na hawezi kumwambukiza mtu. Mishipa iliyokwisha kufa ilibaki imekufa. Kibanda kilichukuliwa na muuza viatu vya mitumba.

Nilimkuta baadaye pale pale stendi, akilinda mizigo ya abiria. Alinikaribisha kwenye benchi, akaagiza chai mbili. Kikombe alikizungushia kitambaa kabla ya kukishika. Aliniuliza njia ya Bombo ikoje na mvua, nikamwambia. Nilikuwa nimelala na jambo langu miaka miwili.

"Ni mimi niliyesema Kisiwani," nikamwambia.

"Najua, mzee."

Akanywa chai. Sikuona hasira, sikuona chochote. Mimi mwenyewe sikusikia nafuu niliyoitarajia. Basi la Arusha likaingia, akainuka, nami nikamuuliza akiwa amesimama, na nikamuuliza tena mara nyingine mbili miaka iliyofuata, mpaka alipofariki, na kila mara akaendea mizigo ya watu: "Hezroni, kama ungeniambia wewe mwenyewe mapema, unadhani ningenyamaza?"