Nilivyohangaika kutafuta earphone nzuri za waya kwa ajili ya mdogo wangu, na zilipopatikana tukajua tusichotaka kujua

Wakuu, poleni na majukumu. Wa Dodoma wenzangu, poleni na vumbi.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu kila baada ya muda naona mtu anauliza, "Earphone gani za waya zina sound nzuri kwa bei isiyoumiza?" Kinachofuata ni majina ya kampuni na watu kutukanana.

Jibu langu ninalo. Ila siwezi kulitoa bila kusimulia yaliyotukuta nyumbani. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyotokea, na sehemu nyingine sikujisikia vizuri kuziandika.

Mimi nafanya kazi ofisini hapa mjini, nimepanga Chang'ombe. Kwetu ni Zuzu, upande wa magharibi, reli inapopita. Huko yuko mama na kashamba kake ka zabibu, pamoja na mdogo wangu wa kike. Tumwite Yunisi.

Yunisi ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Anatunga, anapanga sauti zote nne, halafu anamfundisha kila mtu sehemu yake mpaka aipate. Nota hajui kusoma. Kila kitu kiko kichwani na kwenye simu.

Anavyofanya ni hivi. Ana app ya kurekodi. Anaanza na besi, anaiimba kwa sauti yake ya kike hivyo hivyo. Akimaliza anavaa earphone, anaisikiliza ile besi huku anaimba tena juu yake, tenor, kisha alto, mwisho soprano. Ukiisikiliza unadhani ni watu wanne, kumbe ni yeye peke yake kitandani.

Ndiyo maana bluetooth haimfai. Bluetooth inachelewesha sauti kidogo. Anayesikiliza muziki tu hawezi kugundua, lakini anayeimba juu ya sauti nyingine anajikuta yuko nyuma kila mstari. Kwake ni waya au basi.

Siku moja akanipigia.

"Kaka, earphone zangu zimekufa. Sauti ya juu haitoki. Nitafutie nyingine, lakini za waya."

Nikashuka dukani hapa hapa Chang'ombe. Muuzaji akanipa boksi limeandikwa "extra bass" kwa herufi kubwa, akaniapia kwamba hizo ndizo zinazotoka sana. Jina la kampuni lilikuwa la wakubwa, ila herufi moja imekosewa. Nikaliona hilo na bado nikanunua. Nikampa mtu wa kijijini anayerudi, akampelekea.

Haikupita wiki.

"Kaka, hizi ndiyo mbaya zaidi. Nasikia besi tu, kama mtu anapiga debe chumba cha pili."

Nilipokwenda nikazijaribu. Kweli kabisa. Besi ilikuwa imefunika kila kitu, waimbaji wanasikika kama wamefungiwa kabatini. Nikajilaumu kwa ubahili.

Zilizofuata nilizipata kwa mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kule Chimwaga anayeuza vitu vya simu mtandaoni. Hizi zilikuwa na afadhali. Waya mgumu wa kufumwa, mipira ya sikioni ya akiba, ya ukubwa tofauti, sauti safi kiasi. Nikazipeleka Zuzu mwenyewe.

Yunisi akazivaa, akasikiliza, akasema, "Bora kidogo. Ila soprano bado iko mbali."

Nikamwomba nisikie. Nilipoweka sikioni nilizing'oa pale pale. Volume ilikuwa imefika mwisho.

"Yunisi, unasikilizaje hivi?"

"Nisipoweka hivyo, simsikii Tabitha anaimba nini."

Tabitha ni binti anayeongoza soprano, na mazoezi ya kwaya nayo Yunisi huwa anayarekodi kwenye simu. Ana kasauti kembamba, kazuri, hakana nguvu.

Wakuu, hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi sikushtuka. Nilishajaza kichwani kwamba tatizo ni earphone, na ubaya ni kwamba zile za dukani zilikuwa mbovu kweli. Kwa hiyo kila alicholalamikia kilikuwa na maelezo tayari.

Niseme na hili kidogo kabla sijaendelea. Kipindi hicho mama alikuwa amenieleza kwamba wasichana wa kwaya wanamsema Yunisi anaringa. Wanamsalimia njiani hajibu. Simu inaita pembeni yake, anaiangalia mpaka inakata. Mama akasema labda ana mawazo, labda kuna mwanaume.

Hakuna aliyewaza masikio. Treni ya mizigo ikija, Yunisi ndiye alikuwa anaisema wa kwanza, kabla hata mimi sijaisikia. Mimi naongea naye ananijibu bila shida, nami nina sauti nzito. Utasemaje mtu huyo hasikii?

Tuendelee.

Nikaingia humu kutafuta. Kuna uzi wa zamani, mdau mmoja alimwelekeza mtu kwamba aachane na za boksi la "extra bass", atafute zile in-ear za waya wanazotumia waimbaji jukwaani, matoleo ya bei nafuu yapo. Waya wake unachomoka, ukikatika unanunua waya tu. Zinaziba sikio vizuri, na sauti zake zimelingana, besi haijakuzwa kuzidi nyingine. Bei yake niliyoikuta ilikuwa chini kidogo ya gunia la mkaa. Siyo bure, lakini siyo ya kuuza mbuzi.

Nikaagiza Dar, zikaja na basi. Nilipofika nyumbani nikazijaribu kwa wimbo ambao nimeusikia tangu utoto. Wakuu, nilisikia vitu ambavyo sikuwahi kujua vimo. Mtu anavuta pumzi kabla ya kuimba. Vidole vinateleza kwenye gitaa. Na volume nilikuwa nimeweka chini ya nusu.

Nikasema leo mdogo wangu atafurahi.

Jumamosi nikaenda Zuzu. Mama alikuwa uani anachambua mlenda. Nikamwamkia, nikaketi na Yunisi kwenye mkeka, kwenye kivuli cha nyumba. Nikamchagulia mipira inayomkaa sawa, nikahakikisha imeziba. Akatafuta kwenye simu rekodi ya kwaya ya mazoezi, wimbo mpya aliokuwa anautengeneza. Wimbo ule unaanza na Tabitha peke yake. Anaimba mistari miwili, ndipo wanaume wanaingia chini yake.

Akabonyeza. Akatulia, ananiangalia.

"Mbona haianzi?"

Nikaangalia simu. Ilikuwa inakwenda.

"Inapiga, Yunisi."

Akasubiri. Kisha kichwa chake kikaanza kutikisika taratibu, anafuata mapigo. Wanaume walikuwa wameingia.

"Kaka, safi sana hizi. Besi nzuri, haijavimba." Halafu akakunja uso. "Lakini Tabitha yuko wapi? Mbona wimbo unaanza na wanaume?"

Nikamwomba upande mmoja. Akachomoa wa kulia akanipa, yeye akabaki na wa kushoto. Akarudisha wimbo mwanzo.

Tabitha alikuwa humo. Alikuwa ndani ya sikio langu kama amekaa nami kwenye mkeka. Nilisikia mpaka ulimi wake unapogusa meno.

Yunisi alikuwa ananikazia macho.

"Unamsikia?"

Nilitaka kusema hapana. Nawaambia ukweli, nilitaka niseme hizi nazo ni mbovu, nitaleta nyingine.

"Namsikia," nikasema.

Akachomoa ule upande wake, akaupulizia, akaufuta kwa kanga, akauvaa tena. Akarudisha mwanzo. Akabadilisha, akavaa wangu. Akarudisha tena. Mwishowe akaziweka zote mapajani.

"Basi siyo earphone," akasema.

Mama akauliza kutoka kule alipo, "Kuna nini huko?"

Hospitali tulikwenda wiki iliyofuata. Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakamvalisha headphone kubwa, wakamwambia kila akisikia mlio anyooshe mkono. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Mwanzoni mkono ulikuwa unanyooka vizuri. Baadaye ukaanza kuchelewa. Halafu ukabaki mapajani, na mpimaji anaendelea kubonyeza, anabonyeza, Yunisi anatazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Daktari alituita wote wawili. Akaongea taratibu, uso wake akiwa amemwelekezea Yunisi. Alisema siyo nta, siyo uchafu, ni mshipa wa kusikia. Sauti za juu ndizo zinatangulia kuondoka. Sikio la kushoto limekwenda mbali, la kulia linafuata. Chanzo hakijui. Hakuna dawa ya kuurudisha. Kifaa cha kusikilizia kitasaidia kwenye mazungumzo kwa muda, ila kwa muziki tusitegemee sana.

Nikamuuliza kuhusu ile volume ya mwisho.

"Siwezi kukwambia imechangia kiasi gani," akasema. "Ila haikumsaidia."

Yunisi akauliza swali moja tu.

"Nina muda gani?"

Daktari akasema hajui. Nadhani kweli alikuwa hajui.

Tukarudi Zuzu. Alipofika alimweleza mama mwenyewe. Mama alilia mbele yake, kisha akalia tena jikoni akidhani hatumwoni.

Sasa mdogo wangu alichofanya ni kujifungia na zile earphone mpya. Daktari alimruhusu kuzitumia kwa sauti ya chini, na uzuri wa hizi ni kwamba zinaziba kelele za nje, kwa hiyo hahitaji kupandisha. Alirekodi nyimbo zake zote alizokuwa nazo kichwani, hata zile ambazo hazijaisha. Besi, tenor, alto. Alto ilimsumbua, alikuwa anairudia mara nyingi, wakati mwingine inapinda na yeye hajui.

Soprano alishindwa. Akamwita Tabitha nyumbani, akamkalisha mbele yake, anamtazama mdomo. "Panda," anamwambia. "Panda tena. Hapo hapo, usishuke." Tabitha alikuwa anapanda huku machozi yanamtoka, maana alijua mwalimu anaelekeza kwa kumbukumbu, hasikii anachoimbiwa.

Kwa hiyo kwaya ina nyimbo zake. Wanazo kwenye simu zao. Walimuaga kwa vitenge na soda na maneno mazuri. Hakuna aliyemfukuza, alijiondoa mwenyewe. Alisema mwalimu asiyesikia ni kero.

Jumapili walipouimba ule wimbo mpya kwa mara ya kwanza, tulikaa benchi moja, mama, yeye na mimi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili soprano walishuka, wakawavuta na alto, wimbo mzima ukayumba. Watu wa mbele waliangaliana. Yunisi alikuwa anatabasamu, kidole kinapiga mapigo kwenye goti.

Walipomaliza akanigeukia.

"Wameimba vizuri?"

Aliuliza kwa sauti kubwa, hajui tena kuipima sauti yake. Watu wakageuka. Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Tukiwa njiani kurudi, mama ametangulia, akanishika mkono tusimame.

"Walipotea ubeti wa pili," akasema.

Nikashangaa. "Ulisikia?"

"Nilimwona Tabitha amefumba macho. Akipotea huwa anafumba macho." Akaachia mkono wangu. "Usinidanganye tena kwenye hilo, kaka. Mengine sawa. Hilo hapana."

Tukaendelea kutembea.

Hiyo ilikuwa kabla ya mavuno ya zabibu. Sasa hivi sikio la kushoto halina kitu. La kulia anashika wanaume na ngoma, na mimi nikimwongelesha karibu. Kifaa tunasubiri.

Nije kwenye jibu la swali lenu. Earphone za waya nzuri kwa bei ya kawaida zipo. Usinunue boksi linalojisifia besi. Nenda na wimbo unaoujua vizuri wenye sauti za watu, usikubali ule wa muuzaji. Ukisikia pumzi ya mwimbaji, uko pazuri. Badilisha mipira mpaka izibe sikio lako, maana isipoziba hata ya bei mbaya itasikika kama redio ya mkulima. Ukipata yenye waya wa kuchomoka, chukua hiyo. Na volume isivuke nusu, tafadhali sana.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Mtu wako wa karibu akikwambia earphone zake hazitoi sauti ya juu, zivae wewe kwanza. Ukisikia vizuri, usimnunulie nyingine. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Sisi tulipoteza miezi tunabadilisha vifaa, na hiyo miezi alikuwa anaihitaji.

Karibuni mchangie. Wenye earphone mnazoziamini tajeni, watu wanufaike. Na kama kuna aliyepoteza kusikia akaendelea kufundisha muziki, hata kwa shida, aandike alivyofanya. Asifupishe. Yunisi siku hizi ndiye anayeshinda humu kuliko mimi, na majibu yenu atayasoma mwenyewe.