Fundi Aliyeshika Chuma kwa Ncha

Nilikata waya kwa mkasi wa jikoni, ndipo nikakumbuka kuwa sikuandika upi unakwenda wapi. Upumbavu huo ni wangu, simsingizii shetani. Yaliyofuata nayo ni kweli; ukitaka niape, nitaapa, na udhu ninao.

Gramafoni yenyewe ni ya marehemu baba. Waya wake wa sauti, ule wa kwenda kwenye amplifaya ya kukuza sauti, uliliwa na panya, nami nikanunua mpya. Kazi ya nusu saa, nilijiambia. Mimi ni mtu wa ndani, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani; waya ungenishinda nini? Nikaigeuza mashine tumbo juu, nikakata, nikavuta. Zile nyaya nne nyembamba zitokazo kwenye mkono wa sindano zikang'oka zote. Rangi zilishapauka, kila mmoja ulifanana na chai ya jana.

Na chumba cha pili Mama amelala macho wazi. Tangu dadake azikwe, alikuwa hasemi ila kurudisha salamu. Aliomba kitu kimoja tu: santuri ya taarabu ambayo dadake aliimba katika waitikiaji, akakosea, akaingia kabla ya wenzake. Zamani kila ikifika pale, Mama alikuwa hajiwezi kwa kicheko. Sauti ya mama mdogo haipo pengine popote. Na mimi ndiye niliyeshika mkasi.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, mtaa mzima wa Kuze umejilaza kwa joto. Nikasikia, "Hodi."

Sisi tumelelewa hivi: hodi huulizwa "nani?" kwanza. Mwenye jina atalitaja, asiye nalo atakwenda zake. Mimi, kichwa ki ndani ya gramafoni, nikajibu tu, "Karibu, pita." Umeona akili hiyo?

Akaingia mzee wa kanzu iliyonyooka. Simjui. Akatazama mezani.

"Umeichafua kazi, mwanangu."

"Sana, mzee wangu."

"Huu wa kulia, na huu mwenzake. Hizi mbili za kushoto. Na ule mweusi mnene, wa ardhi, ufunge kwenye bati, ama itavuma usikie nyuki."

Nikasita. Akanyoosha mkono, akakiinua chuma cha kulehemu pale kilipokuwa kikipata moto. Alikishika kwa ncha. Niamini: ncha ile ile iyeyushayo risasi ya kuungia nyaya, kaibana kwa vidole viwili, akanielekezea mpini kwa adabu zote.

"Shika hapa, usije ukaungua."

Hapakutoka moshi, wala harufu. Wadhani nilikimbia? Nilisema ahsante! Nikalehemu, na mikono yangu haijapata kutulia vile. Nilipoinua uso, mzee hayupo, mlango umerudishwa taratibu.

Nikaiweka santuri. Mama mdogo akaingia mapema, vile vile. Kutoka chumbani Mama akacheka, kisha akalia, kisha akauliza kama uji upo. Hapo ndipo nilipovikumbuka vile vidole viwili kwenye ncha.

Nimewaza sana tangu siku ile. Yule aliyenitisha ndiye aliyenifaa, na sikumuuliza ataka nini badala yake. Chuma kile sijakigusa tena, gramafoni sijathubutu kuifungua, na nikikaa sasa huelekeza uso mlangoni. Nawe, ukisikia hodi mchana uliotulia, uliza nani, hata kama mikono imejaa kazi. Si kila ajaye kwa wema huja bila haja yake.

Jirani yangu Bi Zuhura, ambaye mlango wake watazamana na wetu, alikuwa kizingitini siku ile akidarizi kofia. Aapa hakuona mtu kuingia wala kutoka. Nilimweleza yote, nikitaraji atanisomea japo aya moja. Hakuinua hata macho kwenye sindano yake:

"Jini, si jini, mamako kacheka. Wewe uko naye nyumba moja mwaka mzima, ulimchekesha lini?"