Siku Niliyomzika Mama Wairimu Akiwa na Soda Mkononi

Kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumzika mwanamke mzima mwenye afya yake, mchana kweupe, mbele ya mume wake na kina mama wa kanisa lake, naomba ajitokeze tukae pamoja, maana mimi tangu siku hiyo sijapata mwenzangu. Nasimulia hivi nikiwa bado naona aibu.

Nafanya kazi Ruiru, katika kampuni ya chakula cha mifugo, na ofisini pale nilijulikana kama mtu wa maneno. Mwenzetu akifiwa, au akifa mwenyewe, mimi ndiye naambiwa, "Kariuki, tuandikie kitu kidogo cha kusoma kwa niaba ya ofisi." Nami, kwa kujiona msomi kati ya watu wa pumba na mashudu, niliandika salamu za mwisho mara moja tu, miaka mingi iliyopita, nikazihifadhi kwenye kompyuta, na kila msiba ukitokea nabadilisha jina, napachika mstari mmoja kuhusu kazi ya marehemu, basi, nimemaliza. Watu wanalia, wananishika mkono, wanasema nina kipaji. Kipaji gani? Kipaji cha kufuta jina la mtu na kuandika la mwingine!

Salamu hizo zilikuwa zinachapishwa kwenye programu za mazishi na Mama Wairimu, aliyesimamia ofisi yetu ya mafaili. Huyu mama alikuwa na tabia moja niliyoidharau sana. Ikifika saa tisa, ule wakati chakula cha mchana kinakaa tumboni na macho yanakataa amri, alikuwa anapita meza hadi meza akibeba mafaili yake, na kila mtu anamwambia neno lake, tena si lile alilomwambia jirani. "Njeri, ile barua ya jana hata mimi nimeielewa." "Mutiso, nimeona vile umeongea na yule mteja mkali, umemtuliza poa." Mimi moyoni nasema huyu mama hana kazi ya kufanya. (Ni kweli akishapita nilikuwa nafanya kazi hadi saa kumi na moja bila kupiga mwayo, lakini sifa zote niliipa kahawa.) Wakubwa nao walituletea mtaalamu wa kupambana na uchovu kazini, akatuambia tunywe maji na tunyooshe shingo, tukanyoosha, tukalala vizuri zaidi.

Alipokaribia kustaafu, Mama Wairimu alikuja mezani kwangu. "Kariuki, zawadi mtaninunulia, blanketi ama sufuria, mimi sijali. Lakini wewe useme kitu kunihusu. Hata mistari mitatu tu. Nataka nikienda nijue mlikuwa mnaniona."

"Usijali mama, hiyo niachie," nikasema, kwa ile sauti ya mtu asiyekuwa na wasiwasi kwa sababu hana akili.

Sasa sikilizeni ujinga. Alhamisi, saa tisa, nimekula chapati mbili na maharagwe, nikafungua ukurasa mpya niandike. Nikautazama, ukanitazama. Nikapiga mwayo. Nikaona, ya nini kujitesa? Nikafungua zile salamu zangu, aliyezitumia mwisho alikuwa marehemu Karanja, dereva wetu wa lori, nikafuta Karanja, nikaandika Mama Wairimu, nikatuma kwa simu yangu. Mengine nitarekebisha kesho. Kesho nikasema keshokutwa, na keshokutwa ilikuwa Jumamosi, siku ya sherehe yenyewe.

Sherehe ilikuwa nyumbani kwake Kamenu. Hema limesimamishwa, pilau inanukia, kina mama wa kanisa wamevaa sare, na mimi nimetoka kwangu Kiganjo na tai iliyokaza shingo kama mbunge. Nikaitwa. Nikatoa simu.

"Mama Wairimu alikuwa mtu wa watu," nikaanza.

Alikuwa! Watu wakatazamana. Mwenye akili angejifanya simu imezima, lakini mimi sauti ilishaninogea, nikaendelea. "Hakuna atakayesahau jinsi alivyolivusha lori letu katika ule mto uliofurika."

Mume wake, Mzee Gitau, akamgeukia. "Haiya! Wewe uliendesha lori lini?"

Hapo ndipo nilipoona nimeingia shimoni, na badala ya kutoka nikaongeza mbio ili nimalize. "Pengo aliloacha halizibiki, na sisi wenzake tunamwombea pumziko la milele." MC, ambaye riziki yake kubwa ni mazishi, alikuwa ameinamia orodha yake, akasikia milele, na mdomo ukatangulia kichwa. "Asanteni watu wa ofisi. Basi tusimame wote, dakika moja ya kimya."

Na watu, kwa vile tulivyolelewa, wakasimama. Kofia zikavuliwa. Mama Wairimu mwenyewe alisimama, ameinamisha kichwa, soda mkononi.

Kisha akachukua kipaza sauti. "Ketini, watu wangu. Bado niko." Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi Ruiru. Halafu akatuzunguka na sahani zetu, kama saa tisa ya ofisini, akimwambia kila mmoja neno lake. Alipofika kwangu akanipita.

Nikamfuata kwenye tangi la kunawia mikono. "Mama, nisamehe. Aki nilikuwa nimechoka."

"Kariuki, kwani nani hakuwa anachoka?" Hakupandisha sauti. "Hayo maneno nimeyaprinti mara sita. Hata Karanja hayakuwa yake, na nikanyamaza. Lakini nilifikiria mimi, kwa vile niko hai, utaniangalia kwanza."

Jumatatu saa tisa ilifika, hakuna aliyepita, na kahawa yangu niliyoisifu nikainywa vikombe vitatu nikasinzia mbele ya bosi. Zile salamu nilizifuta, nikaapa sitasoma tena maneno ya mtu mmoja juu ya mwingine, awe hai au amekufa. Kisha nilikaa wiki mbili nikiandika ile mistari mitatu aliyoniomba Mama Wairimu. Niliandika kwamba majina kwenye mafaili aliyaandika kwa herufi kubwa kupindukia, nasi tukamcheka, kumbe ni kwa sababu mhasibu wetu mzee macho yalikuwa yanafifia na aliona haya kuomba asomewe.

Nikampelekea karatasi hiyo Kamenu. Akavaa miwani, akasoma, akarudia.

"Hii ni yangu," akasema. Akaikunja vizuri, akanirudishia. "Weka. Siku yenyewe ikifika, usome hii. Na usiongeze lori."