Uyoga Uliolipa Dirisha Kisogo

Muulize Safiya, Mama Raudha, chochote kuhusu uyoga, ila usimuulize kuhusu mumewe. Mwishoni mwa masika, huko machimboni Geita, shimo la dhahabu liitwalo duara la Masudi lilimfukia Abdulshakur na mwili haukupatikana. Bi Tabu, mkwewe, alimsihi akae eda.

"Eda ya nani?" Safiya alikuja juu. "Kwani tumemzika wapi?"

Chozi hakutoa. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Waongo wakubwa! Hakulia kwa sababu kulia kungekuwa kukubali.

Akaendelea na uyoga wake kwenye chumba cha uani. Na uyoga, usidanganyike, ni mlafi mwenye kuchagua. Ukiulisha maganda ya mbegu za pamba kutoka Shinyanga, unanenepa. Ukiulisha maranda matupu, unatoka mwembamba kama aliyefunga. Ukizidisha pumba za mpunga, ukungu wa kijani unavamia mifuko yote, ubaki umeshika tama. Basi maganda ya pamba yalipoadimika, Cornel, aliyekuwa akichimba na Abdulshakur, akamletea gunia la maranda meusi. Safiya akachanganya na pumba kidogo, akachemsha, akapanda mbegu.

Lo! Utando mweupe ulijaa mifukoni upesi kuliko hata kwenye pamba. Kisha uyoga ukachomoza, mnono, wote umelipa dirisha kisogo. Kila mkulima anajua kwamba uyoga hufuata mwanga na hewa. Huu ulielekea ukuta wa giza, upande wa machimboni. Safiya akaigeuza mifuko. Kesho yake vikonyo vilikuwa vimejipinda tena, vimeelekea kulekule. Hakuthubutu kuuchuma.

Akamwita Cornel. "Maranda haya umeyatoa wapi?"

"Mbao za zamani tu, shemeji."

Safiya akamfungulia mlango wa chumba. Cornel akautazama uyoga, kisha akautazama ukuta.

"Ni matimba," alisema. Hizo ndizo nguzo zinazozuia duara lisiporomoke. "Baada ya ajali tulichimba kutokea ubavuni tukayachomoa, tukayapasua mbao za kuuza. Huko ndani tukaona buti lake. Tukaogopa, shemeji. Tukafukia."

Safiya hakupiga kelele. "Twende ukanioneshe," alisema.

Walimpata. Abdulshakur akasaliwa, akazikwa kwenye makaburi ya Waislamu, upande mwingine kabisa wa mji. Safiya akaingia eda na macho yake makavu yaleyale, na kile chumba akamwachia Bi Tabu, maana yeye hakutaka tena hata kukichungulia.

Asubuhi moja Bi Tabu alitoka chumbani mikono mitupu.

"Mwanangu, uyoga wako umegeuka."

"Umeelekea dirishani?"

"Hapana. Umeelekea makaburini."

Safiya akajifunika uso kwa mtandio. "Basi amefika," alisema, akaangua kilio.