Nati za Masikio

Mume wangu hawezi kukiacha kitu kama alivyokikuta. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniuliza kwa nini mlango wa choo chetu una makomeo mawili na kengele ya baiskeli. Kengele ni ya mtu aliye nje, abishe kistaarabu. Nani alimtuma, hata sijui. Meza ya kulia ina droo ya vijiko aliyoipachika chini, na kila mgeni mwenye miguu mirefu huigonga kwa goti kabla hajaonja chai. Ufagio una ndoano, ndoano ina kamba, na kamba hiyo iliwahi kunilaza chali jikoni. Nikilalamika, ananitazama kwa huruma kana kwamba mimi ndiye sijaelewa, halafu anasema, "Ni nyongeza ndogo tu, mama watoto."

Nyongeza zote hizo amezifunga kwa nati ya aina moja, ile yenye masikio mawili, ambayo unaikaza na kuilegeza kwa vidole bila spana. Misumari haitaki. Gundi ndiyo usimtajie kabisa, atasusa kula. Sasa mimi ni fundi cherehani, navaa ninachoshona, na katika nyumba hii sina gauni ambalo halijanaswa na masikio ya nati. Napita mlangoni na haraka zangu, nasikia kitambaa kinalia, nikitazama, kiwiko kiko nje. Nimemwomba aondoe angalau ile ya mlango wa sebuleni, ambayo kazi yake ni kushikilia kibao cha kutundikia funguo, na hakuna mtu anayetundika funguo pale. Kila siku anasema kesho.

Hakuanza jana wala juzi. Nilipomjua alikuwa mwalimu kijana wa fizikia, amepanga chumba nyuma ya duka nililokuwa nashonea. Alileta suruali ipunguzwe urefu, akakaa kusubiri, na katika kusubiri kwake akagundua kwamba nashona nimeinama kwa sababu taa ya dukani iko mbali. Siku iliyofuata alikuja na taa ya baiskeli, akaifunga kwenye shingo ya cherehani yangu bila hata kuomba ruhusa.

"Na nikiwa siitaki?" nikamuuliza.

Akanionyesha nati yenye masikio. "Unaizungusha hivi kwa vidole, inatoka. Huna haja ya kunitafuta."

Nilimwona mtu wa ajabu. Ile suruali nilimpunguzia kupita kiasi, sijui akili yangu ilikuwa wapi, naye akaivaa hivyo hivyo mwaka mzima, soksi nje, bila neno. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria vizuri.

Sasa ndevu zake zimekuwa nyeupe, na bado anafundisha fizikia katika sekondari iliyo mwisho wa mtaa wetu. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Masikio. Wageni wa shule wakisikia hivyo humchungulia masikio kwa kuibia, wakayakuta ya kawaida, wakabaki na maswali yao. Nyuma ya madarasa kuna chumba chenye dirisha moja na meza ndefu iliyojaa nyaya, magurudumu na mota zilizotolewa kwenye mashine mbovu. Ndiyo karakana yake. Humo, masomo yakiisha, yeye na wanafunzi wake hutengeneza roboti za mashindano ya shule. Nyumbani mume wangu ni mtu wa maneno machache. Ukimkuta karakana, hanyamazi, na uso wake unakuwa wa kijana yule wa soksi nje. Nakiri kwamba wakati mwingine huwa napita pale bila shida yoyote, nimtazame tu.

Mashindano yenyewe, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, ni hivi. Kuna uwanja mdogo sakafuni, na mipira imetawanywa. Roboti inatakiwa kuikusanya na kuitia kapuni kabla kengele haijalia. Lakini kwanza, kabla ya kucheza, lazima roboti iingie kwenye sanduku la vipimo. Ikigusa ukuta au kifuniko, haichezi. Ni sheria nzuri kwa watu wa kawaida. Kwa mume wangu ni adhabu.

Mwaka jana roboti yao ilikuwa na taa za mbele, taa za nyuma, honi, na sinia ya mipira ya akiba ambayo hakuna aliyeiagiza. Waliisukuma sandukuni mpaka ikaingia. Kutoka ikakataa. Ikabidi waandaaji walivunje sanduku lao wenyewe mbele ya shule zote, na muda wote huo honi ilikuwa imebanwa inalia. Mkuu wa shule, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwapo na aliyaona yote. Hakufoka. Mwaka huu ulipoanza alimwita mume wangu ofisini, akamwambia kwamba roboti ikirudi tena bila kucheza, karakana itakuwa stoo ya madawati mabovu.

Siku hiyo alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, na hakuongeza kitu chochote popote. Nikajua mambo ni mazito.

Haukupita muda mwavuli wangu ukapotea. Niliutafuta nyuma ya mlango, nikautafuta chini ya kitanda, nikamshuku jirani, Mungu anisamehe. Mwisho nikaenda karakana, nimelowa chapachapa, nikaukuta mezani. Ulikuwa umevuliwa kitambaa chote, zimebaki mbavu.

"Shikamoo, Mama," akasema nahodha wa timu, binti wa kidato cha tatu, mpole, mwenye kuongea taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Huo ni mwavuli wangu."

"Ndiyo, Mama. Mwalimu alisema umetupa kwa moyo mweupe."

Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dirisha. "Nilikuwa mbioni kukwambia," akasema.

Binti aliona hatari, akawahi kubonyeza kitufe. Mwavuli ulikuwa umening'inizwa kwenye mkono wa roboti, ncha juu, na kati ya mbavu zake wameshona wavu wa mfuko wa vitunguu. Ukajifungua. Ukashuka juu ya mipira iliyokuwa sakafuni, ukajifunga polepole, mbavu zikaikumbatia mipira yote kwa pamoja. Kisha ukanyanyuka, na hakuna hata mmoja ulioanguka. Nilitaka kuendelea kukasirika lakini nilishindwa. Nilimwomba binti aurudie.

Wazo lote lilikuwa lake. Alisema alimwona mdogo wake akikusanya maandazi kwa mwavuli wa kuchezea. Mwalimu yeye alikuwa ametoboa matundu na kufunga nati, unazijua.

"Na wewe hukuongeza kitu?" nikamuuliza.

"Kofia tu." Akanionyesha bati dogo alilolikunja juu ya nyaya, zisipate vumbi. "Inaingia sandukuni. Tumepima."

Walipima kweli. Sanduku la mazoezi alilitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, likapigwa msasa, likapakwa vanishi, lina na vishikio vya kubebea. Kifuniko chake, usiniulize, kilifungwa kwa nati za masikio.

Siku ya mashindano nilivaa gauni jipya la mikono mirefu na kwenda naye. Ukumbi ulikuwa umejaa shule za kila aina. Kulikuwa na roboti zenye rangi za kung'aa, roboti iliyotembea kama kaa, nyingine ina mkono mrefu wa kupendeza ambao kazi yake hata wenyewe hawakuwa na uhakika nayo. Sehemu ya ukaguzi ilikuwa imezungushiwa kamba, na watu wazima hawavuki kamba hiyo. Ndani ni wanafunzi na mkaguzi peke yao. Nyuma yetu alikaa mkuu wa shule, mkoba mapajani.

Watoto wakaiweka roboti sandukuni. Mkaguzi akashusha kifuniko. Kikakaa juu ya ncha ya mwavuli wangu na kugoma kushuka.

"Haiwezekani," nahodha akasema. "Kwetu ilikuwa inaingia."

Mume wangu akafumba macho. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nati za lile sanduku lake zinakazwa kwa vidole, na watoto mwisho wa siku vidole vimechoka, hawakazi. Kila walipopima, kifuniko kilikuwa kinajiinua kidogo kwa adabu na kuipisha roboti. Alikuwa amepima uongo kwa muda wote huo, na uongo wenyewe kautengeneza kwa mikono yake na kuupaka vanishi.

"Mna muda mpaka mtakapoitwa uwanjani," mkaguzi akawaambia watoto. "Mkiitwa na bado haiingii, basi."

Sikugeuka kumtazama mkuu wa shule. Nilisikia tu mkoba wake ukifunguliwa na kufungwa.

Mume wangu alisimama kwenye kamba, na vidole vyake vikaanza kuzungusha hewa. Anakaza, analegeza, anakaza. Nilimshika mkono. Isije ikasemwa ni mapenzi, nilikuwa nailinda kamba.

"Kofia," akawa ananong'ona. "Waitoe kofia kwanza, ndiyo inazuia mkono kushuka."

Nahodha alikuwa ameshaanza. Akazungusha nati mbili, bati likatoka, akaliweka sakafuni. Hata halikuwa na uzito, lile bati alilolikunja na kulisugua kwa siku nzima. Wakaufuata mkono uliobeba mwavuli. Kwenye meza ya jirani kulikuwa na timu ya vijana waliokuwa wakihangaika na skrubu iliyokwama, sanduku la spana limewazidi uzito. Mmoja wao aliona hali ya watoto wetu, akawaletea spana.

"Asante," binti akasema. "Hatutumii."

Wakaulegeza mkono wote kwa vidole, wakaushusha tundu moja chini. Tundu hilo lilikuwapo kwa sababu mume wangu akitoboa tundu moja lazima alitobolee na mwenzake. Rafu zetu zote nyumbani ziko hivyo na nimemsema mpaka nimechoka. Jina la shule likatajwa kwenye spika wakati binti anakaza nati ya mwisho. Roboti ikaingia sandukuni. Kifuniko kikashuka, kikalala.

Mkono wangu ulikuwa unauma, alikuwa anaubana kama koleo. Sikumwambia.

Wakacheza. Sitawadanganya kwamba walikuwa wa kwanza. Hata wa tatu hawakuwa, maana mara moja mwavuli ulijifungua mbele ya kapu na kumwaga kila kitu, ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka. Lakini walicheza mpaka kengele. Baadaye majaji walikuja mezani kwao, na sisi tukasogea kamba ilipoishia ili tusikie.

"Huu mwavuli tumeupenda," jaji mmoja akasema, mama mwenye miwani. "Ila kuna jambo lingine. Wenzenu wanatengeneza roboti zao kwa spana na bisibisi. Ninyi tumewaona mnaivunja na kuiunga yenu kwa vidole. Hilo lilitoka wapi?"

"Kwa Mwalimu wetu," nahodha akajibu. "Anasema ukimfungia mtu kitu, mwachie njia ya kukifungua mwenyewe, asihitaji kukutafuta."

Nilisikia maneno hayo na machozi yakanijia, na sikuyapenda, mbele za watu vile. Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Miaka yote hiyo nilidhani ni neno aliloniambia mimi peke yangu, kumbe amekuwa akiligawa darasani. Nilimwonea wivu kidogo, halafu nikajisikia vizuri.

Walipewa tuzo ya usanifu. Mkuu wa shule alitushukia kutoka nyuma, akamwambia mume wangu, "Karakana ibaki, Mwalimu." Akapiga hatua, akageuka. "Honi, hapana."

Tukarudi nyumbani jioni tukiwa na furaha zetu. Nikatangulia kupita mlango wa sebuleni, nikasikia kitambaa kinalia. Gauni jipya, mkono wa kushoto, kiwiko nje. Safari hii sikusema lolote, na nadhani ukimya ndio ulimtisha. Alikwenda mwenyewe, akaizungusha ile nati, akakishusha kibao cha funguo na kukiweka chini ya kochi. Nikavua gauni, nikaketi kwenye cherehani yangu, ile ile ya dukani, kulitia kiraka.

Akaja akasimama nyuma yangu. Nadhani alikuwa ameonja utamu wa kuondoa vitu.

"Na hii taa nayo niitoe," akasema. "Haiwaki tangu zamani. Inakuzuia tu."

Akaishika nati ya ile taa ya baiskeli, akaizungusha. Haikwenda. Akabadilisha mkono, akakaza meno, akajaribu tena. Haikwenda. Akainama akaitazama kwa karibu, miwani imemshuka puani.

"Imeshikana na kutu," akasema. "Kwani hukuwahi kuifungua hata siku moja?"

"Niifungue ya nini?"

Akasema ngoja alete spana. Nikamwambia akae chini. Akakaa, mikono mapajani, akiitazama taa yake, na akaiacha kama alivyoikuta.