Ndege Asiye na Jicho

Jina langu limo katika orodha ya wasanii wa kanda hii. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa aina gani. Ni tovuti ambamo wachoraji, wachongaji, waimbaji, na watu kama mimi tusiojua kuchora wala kuimba, tumepangwa kwa nchi na kwa mji, kila mmoja na picha yake, na chini ya picha kitufe cha kijani: "Wasiliana na msanii." Ukichagua Juba utanikuta ukurasa wa pili. "Mwandishi wa insha, mwanafikra." Hilo la mwanafikra niliongeza mwenyewe. Picha ni ya zamani, nilipokuwa bado na nywele. Tangu nijiandikishe, kitufe changu kimebonyezwa na mtu mmoja tu, muuza betri za sola, naye alipogundua kwamba mwanafikra hana paa lake mwenyewe la kuwekea sola, alinyamaza.

Kwa hiyo binti yangu alipochumbiwa, na mama yangu akasema mjukuu wake hatakwenda kwa mume bila milaya, nilifurahi kimoyomoyo. Hatimaye ile orodha ingepata kazi ya kufanya.

Milaya ni shuka la kitanda lililotariziwa kwa mkono. Bibi harusi huenda nayo, na wageni wanaokuja kumwona hukaa wakiutazama upindo unaoning'inia kutoka kitandani, ndege na maua yake, kisha hurudi nyumbani kusema. Mama yangu alitarizi milaya zake kambini, kaskazini mwa Kenya, ambako mimi nilikulia na kusomea. Jirani yetu mmoja alichora ndege kwa kalamu ya wino juu ya kitambaa cheupe. Mama akawafunika kwa nyuzi. Huyu achore, yule ashone, ndivyo kazi hiyo inavyokwenda, wala hakuna anayetia sahihi. Jirani huyo siku hizi yuko Australia na hapokei simu.

Shuka kubwa kuliko yote lilikuwa na ndege wa bluu pande zote nne. Mama alikuwa amefika kwa ndege wa kona ya mwisho, amebakiza jicho peke yake, watu walipoingia kumwambia kwamba baba ameuawa vitani. Alikunja shuka. Baadaye alishona mengine mengi, lakini ndege yule hakumrudia. Sisi watoto tulijua tusiulize.

Tuliporudi Juba, shuka lilirudi nasi. Kisha mapigano yakaingia mjini, tukakimbilia uwanja wa kanisa, na siku tuliyorudi nyumba haikuwa na hata milango. Mimi nililia vitabu vyangu. Mama aliuliza shuka tu. Hakuna aliyeliona.

Sasa tunapanga nyumba mtaa wa Juba Na Bari, na macho ya mama yameingia ukungu. Daktari alisema afanyiwe upasuaji. Mama akasema daktari yule ni mtoto. Hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, sembuse kutarizi shuka zima. Nilikwenda soko la Konyo Konyo kuuliza. Mfanyabiashara mmoja Msomali, aliyezaliwa Nairobi na kwa hiyo ananiita "mzee" kwa heshima ile ya kule inayouma kidogo, alinitandazia duveti la Uchina lenye picha ya chui.

"Mzee, hii ndiyo maharusi wanabeba siku hizi. Ukigusa hivi, unalala umesimama."

"Natafuta ya kushonwa kwa mkono."

"Walahi, nani atakaa chini ashone ndege mwaka mzima? Ndege mwenyewe atazeeka!"

Ndipo nikaiendea orodha. Nilikuwa ofisini, ambako kazi yangu ni kunyoosha ripoti za watu wengine, na intaneti ya ofisi ilikuwa na afya siku hiyo. Niliandika neno moja, milaya. Likaja jibu moja, mwanamke wa Nairobi, "msanii wa nguo na kumbukumbu". Nikateremka katika picha zake. Picha ya tatu ilikuwa shuka jeupe limetundikwa ukutani, ndege wa bluu pande zote, na maelezo: "Mashariki mwa Afrika. Mshonaji hajulikani." Kwenye kona, ndege mmoja hakuwa na jicho.

Nilifunga laptopu ya ofisi, nikaenda nyumbani mchana kweupe bila kuaga.

Mama alikuwa uani na binti yangu, wanachambua majani ya molokhia. Nikampa simu. Akaisogeza hadi ikagusa pua.

"Fanya iwe kubwa."

Nikamkuzia picha kwa vidole viwili. Akasema kwa Kiswahili chake, ambacho alikiokota Uganda kabla ya Kenya na hajawahi kukiruhusu kibadilike:

"Huyo mimi iko najua."

"Haboba, una uhakika?" binti yangu akauliza. Amekulia Nairobi, nilikompeleka shule; haboba, yaani bibi, ni kati ya maneno machache ya Kiarabu cha Juba aliyoyakubali. "Ndege si zinafanana tu?"

"Watoto wa mama yako pia inafanana. Yeye iko nachanganya?" Kisha akanigeukia. "Iko wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi nafanya nini na kitanda yangu?"

"Wameitundika ukutani, mama."

"Ukutani? Kwani imeloa?"

Binti yangu alicheka hadi molokhia ikamwagika. Mama hakucheka. Alinirudishia simu akaniambia, safari hii kwa Kiarabu, lugha anayotumia akitaka jambo lifanyike, kwamba mwanamke huyo alirudishe shuka na mtoto alilalie siku yake. Khalas. Hakuzungumza tena kuhusu milaya mpya. Lile lile, kabla ya harusi.

Wiki hiyo hiyo wajomba wa kijana aliyemchumbia binti yangu walikuja kuzungumza mahari. Naomba niwaeleze, kwa sababu nilikaa nao mchana kutwa na sikujifunza kitu. Walizungumza juu ya barabara ya Nimule. Walizungumza juu ya bei ya dizeli, juu ya nyasi, juu ya mkwe fulani wa mtu fulani aliyekuwa mlevi. Binti yangu alipopita na chai, walimtazama kama watu wanaotazama mvua ya kijiji kingine. Shahada yake hawakuitaja. Mjomba mkubwa alipolazimishwa kusema neno, alisema, "Naona ni mrefu kidogo." Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliniambia walipoondoka, "Hawa wanajua kazi. Wanamtaka sana." Nikacheka, nikaona ni jambo zuri la kuandikia insha.

Kisha nikakaa kumwandikia yule msanii.

Kisanduku cha ujumbe kilikubali maneno mengi, kwa bahati mbaya. Ningeweza kuandika: Shuka hilo ni la mama yangu, liliibwa, tafadhali nirudishie. Mtoto wa shule angeandika hivyo na pengine angelipata. Mimi niliandika barua. Niliandika juu ya kambi, vumbi lake, kalamu ya wino ya jirani. Niliandika juu ya baba. Niliisifu kazi ya mama kwa maneno ambayo mama mwenyewe sijawahi kumwambia. Na kuhusu ndege wa kona niliandika hivi: "Hana jicho kwa sababu siku ile mwanamke mmoja alikataa kuona zaidi." Sentensi hiyo ilinijia njiani, karibu nigongwe na bodaboda. Niliipenda sana. Niliirudia kwa sauti kabla ya kubonyeza kile kitufe cha kijani.

Alijibu kwa adabu. Alisema barua yangu imemliza. Shuka alilinunua kwa haki, alisema, kwa mtu wa mitumba, na hakujua lilikotoka. Lakini picha ile ilikuwa ya zamani: alikuwa ameshalikata. Kila ndege aliwekwa kwenye fremu yake na wote wamekwenda kwa wanunuzi, isipokuwa yule wa kona. Huyo hakuna aliyemtaka; walimwona ana kasoro. Angefurahi kumrudisha nyumbani.

Nilimweleza mama. Neno "kukata" nililipitisha haraka, lakini alilidaka.

"Kwa mkasi?"

"Kwa mkasi."

Aliuma mdomo. Baadaye alimtuma binti yangu sokoni akanunue kitambaa cheupe cha kitanda kizima. Huyo mmoja akija, alisema, atamshona kwenye kona ya shuka jipya; vidole vinatosha, macho hayahitajiki sana. Na jicho atalitia. Mtoto hawezi kwenda kwa mume na ndege kipofu. Akamwambia binti yangu amtungie uzi mweusi kwenye sindano kadhaa, azichomeke kwenye mto, ili siku ile asimsumbue mtu. Sindano zilikaa pale, mikia yao meusi ikining'inia. Kila nilipopita nilizitazama, na niseme ukweli, nilijiona mtu wa maana. Nilikuwa nimetumia elimu yangu kwa jambo fulani nyumbani, mara ya kwanza labda.

Kisha kimya. Niliandika tena, kwa ufupi sasa. Kimya. Siku moja nikafungua ukurasa wake kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Ndege wa kona alikuwa juu kabisa, peke yake, amepigwa picha upya kwa taa nzuri. Chini yake: "Aliyekataa Kuona Zaidi." Ikafuata aya nzima ya barua yangu, vumbi, kalamu ya wino na yote, bila jina la mtu. Mwisho kulikuwa na neno moja jekundu: "Imechukuliwa."

Ujumbe wake ulifika baada ya hapo. Mkusanyaji sanaa mmoja wa Ulaya aliguswa mno na hadithi. Ilikuwa vigumu kukataa. Alikuwa na imani kwamba mama angeona fahari kazi yake ikitazamwa na watu wengi. Angetutumia kumbukumbu.

Kumbukumbu ilisafiri kwa basi. Basi likaharibika Nesitu, nje kidogo ya Juba, nikalifuata kwa bodaboda. Mzigo wenyewe ulikuwa bomba la karatasi ngumu, na ndani yake picha kubwa iliyokunjwa. Nikaifungua pale pale penye malori, nikiwa bado na tumaini la kijinga kwamba kitambaa kimefichwa katikati. Dereva mmoja wa lori akasogea akila muhogo.

"Mzee, hiyo ni ramani?"

"Ni ndege."

Akatazama vizuri. "Kuku?"

"Ndege tu."

"Mbona hana jicho?"

Nikaikunja picha. Nilikuwa nimeshalijibu swali hilo kwa ufasaha mkubwa mno.

Nyumbani mama aliosha mikono kwanza. Akaitandaza picha mapajani, akapitisha vidole kuanzia mkia, polepole, kupanda mgongoni, hadi kichwani. Akarudi mkiani, akaanza tena.

"Uzi iko wapi?"

"Ni picha, mama. Ndege mwenyewe amenunuliwa."

"Kwani hawakusema hawamtaki?" akauliza, sasa kwa Kiarabu.

"Hawakumtaka."

"Halafu wakamtaka."

"Ndiyo."

Aliiweka picha kando. "Wewe uliandika nini kwa huyo mwanamke?"

Nikamtafsiria barua yote kwa Kiarabu, nimesimama uani kama mwanafunzi. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilipofika kwenye ile sentensi nilipunguza mwendo ili iingie vizuri. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Umesema vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akatafuta mkono wangu, akaushika. "Wale wajomba waliokuja, walimsifu mtoto wetu?"

"Hapana."

"Ulikuwa umekaa nao?"

"Nilikuwa nimekaa nao."

"Mtu anayetaka mbuzi, anamwimbia mbuzi sifa mbele ya yule aliyemshika kamba?"

Binti yangu alijaribu kuokoa hali. "Haboba, sisi tutaweka hiyo picha sitting room, itakuwa fiti. Kwa fremu. Ni kama ile yenyewe."

"Weka," mama akasema. "Na mimi mkinizika mtaweka picha yangu kwa jikoni, ipike."

Harusi ilikuwa nzuri. Msomali wa Konyo Konyo alinipunguzia bei ya chui na hakuniuliza kuhusu ndege. Wageni waliligusa duveti, wakasema ni laini. Chini yake mama alisisitiza kitandikwe kile kitambaa cheupe, kitupu, upindo wake uonekane, na watu waliutazama upindo usio na kitu wakadhani ni mtindo mpya wa Nairobi.

Tovuti imeniandikia mara mbili ikiuliza kama nilifanikiwa kumpata msanii niliyemtafuta. Sijajibu. Nimeingia mara moja tu, kufuta neno mwanafikra.

Asubuhi ya baada ya harusi nilimkuta mama ameketi na ule mto. Alikuwa akizichomoa nyuzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine, akizizungusha kidoleni ili zisipotee. Nilimwambia aziache tu, nitamtungia mimi siku akizihitaji. Akasema mimi niendelee kuandika.