Utepe Mwekundu wa Mbwa wa Mlola

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba, ndoo na kasha la barafu, nikaonywa nisilifungue kasha mpaka niambiwe. Nilikuwa mhudumu wa mifugo Lushoto mjini, cheo cha chini kuliko vyote, na elimu yangu ilikuwa darasa la saba. Mganga wa mifugo niliyemsaidia hakuwa mtu wa maneno mengi. Adhuhuri alinionyesha chupa ndogo za chanjo ya kichaa cha mbwa zilizolala ndani ya barafu.

"Hizi zikipata joto unadunga maji tu," alisema. "Mwenye mbwa anarudi nyumbani akiamini amekingwa, kumbe umemdanganya."

Nilinunua daftari nikaandika maneno hayo ukurasa wa kwanza. Mengine nilijifunza hivyo hivyo, kwa daftari na vitabu vya chuo vilivyokwishatumiwa na wengine, nikirudia kila sura mpaka niweze kuieleza bila kufungua kitabu. Baada ya miaka kadhaa nilifanya mitihani, nikapandishwa cheo na kupelekwa Mlalo kwenye ng'ombe wa maziwa. Mkuu wa kituo kile alikuwa na kanuni moja: "Msalimie mwenye mnyama, kisha msalimie mnyama. Ukianza na sindano, umekosea." Niliiandika, lakini sikuielewa mpaka nilipohamishiwa Mlola.

Kijana asiyejua milima yetu anaweza kudhani mbwa wa kule ni wa kubwekea wezi. La. Kazi yake kubwa ni shamba. Ngedere wakishuka kutoka msituni mchana, au nguruwe pori wakiingia jioni, mbwa ndiye anayeamua kama familia itakula mwaka huo.

Ndiyo maana nilishtuka Afisa Mifugo Mkuu alipokuja na amri. Bonde la pili, mbwa mwenye kichaa alikuwa amemng'ata ng'ombe, na ng'ombe akafa.

"Nakupa wiki mbili," alisema bila kushuka kwenye pikipiki. "Kila mbwa aliyechanjwa avae utepe mwekundu shingoni. Asiye na utepe ni mzururaji, na mzururaji atapigwa risasi."

"Na mahindi, mkuu? Nani atayalinda?"

"Mahindi hayaambukizi kichaa."

Nilitangaza kuwa chanjo ingefanyika Ijumaa asubuhi, kwenye kiwanja cha jirani na msikiti. Nilipanga meza, sindano na tepe kwa unadhifu mkubwa. Hadi karibu na adhuhuri walikuwa wamekuja mbwa tisa. Wawili kati yao walipigana chini ya meza, kasha likapinduka, barafu ikamwagika juani. Nilizitupa chupa zote zilizobaki. Wiki moja ilikuwa imepotea.

Nilikuwa nakunja meza alipopita Mama Hadija, mkulima wa kabichi na mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana Mifugo, nani alikuchagulia siku?"

"Mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana! Watu wameoga, wamevaa kanzu, wanakwenda swala. Nimkokote mbwa anipake mate, halafu nianze kujiosha mara saba na udongo juu? Tena mbwa wetu hawajui kamba. Ukimfunga Karani kamba, anadhani umemwuza."

"Karani ndiye nani?"

"Mbwa wangu. Anakaa mlangoni mwa shamba kutwa nzima, anakagua kila anayeingia. Ngedere wa upande ule anawajua mmoja mmoja."

Aliniona nimeinamisha kichwa, akapunguza sauti. "Karani wangu wasimpige risasi, baba. Sikiliza. Jumatano ijayo tunamaliza shughuli ya mavuno. Siku hiyo ugali wa kwanza wa unga mpya ni wa mbwa, kuwashukuru kwa ulinzi, kabla yetu sisi. Waislamu, Walutheri, wote. Tunawawekea kwenye jani la mgomba, shambani kwao. Hakuna anayewaita, wanakuja wenyewe. Njoo na sindano zako."

Jumatano nilishuka bondeni na kasha jipya, nikiwa nimelifunika kwa majani mabichi kulikinga na jua. Sikuweka meza. Nilikwenda shamba kwa shamba, kwa sababu mbwa aliye shambani kwake hana wa kupigana naye. Kila mahali nilimsalimia mwenye shamba, nikachuchumaa na kumsalimia mbwa. Kisha nikaivuta ngozi ya shingo na kudunga chini yake huku mnyama akila. Mwenye mbwa alifunga utepe kwa mkono wake mwenyewe, maana niliona shukrani haitolewi kwa niaba ya mwingine.

Karani alikuwa wa mwisho. Alikuwa mzee, sikio moja limechanika, na aliponiona alisimama akakunja pua.

"Anakukagua," alisema Mama Hadija. "Tulia."

Nilitulia. Aliweka jani chini na kumwambia kwa Kishambaa, taratibu, kama anavyoambiwa mtu aliyetoka kazini: "Hongea, Karani. Hongea." Asante, Karani. Mbwa aliinamisha kichwa akaanza kula. Sindano ilipoingia hata kutikisa mkia hakuacha.

Ijumaa Afisa Mifugo Mkuu alikuja na wapiga bunduki wawili. Tulilizunguka bonde lote kwa miguu. Kwenye kila mlango wa shamba palikuwa na mbwa, na kila mbwa alikuwa na utepe mwekundu. Kwa Mama Hadija, Karani alimbwekea mkuu mpaka akarudi nyuma hatua tatu.

"Huyu naye amechanjwa?"

"Amechanjwa, mkuu. Yuko kazini."

Mkuu alicheka kwa sauti, akaikunja karatasi ya amri na kuitia mfukoni. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliagiza vijiji vingine vichanje siku ya ugali mpya.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Vijana huniuliza mbwa ashukuriwe vipi. Nawajibu: mpe jina, maji safi, chanjo kila mwaka, na chakula chake kabla hujakaa kula chako. Siku ya kuniaga, Mama Hadija alinivuta mkono mbele ya watu wote wa Mlola, akanifunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono.

"Na huyu asipigwe risasi," alitangaza. "Amefanya kazi." Kisha akaniwekea ugali wa moto mbele yangu, juu ya jani la mgomba, kabla ya mtu mwingine yeyote kula.